Anti Fungua, Aliyepima Tunachokijua Kuhusu Vinywa Vyetu

Ndugu zangu, majirani, na ninyi mliotoka kazini mkaja na sare zenu bila kupitia nyumbani, maneno mtakayosikia ni yangu mimi bibi yake mzaa mama, na anayeyasoma ni mjomba wake, kitinda mimba wangu, kwa sababu mimi na kalamu hatukuwahi kutambulishwa, nilisema yeye akaandika, na nilipomwona anataka kuyapaka rangi nikamwambia, "Wewe andika, usinitengeneze," akacheka huku machozi yanamtoka, akaandika.

Marehemu, ambaye mji mzima mlimwita Anti Fungua kwa ajili ya lile neno lake la kwanza kwa kila mgonjwa, alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 10 Machi 1978, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile aliyokuja kuifanyia kazi, akiwa mtoto wa pekee wa binti yangu aliyekuwa mshonaji katika kiwanda cha sare, na baba yake dereva wa lori la saruji, na mkunga aliyempokea alimgeuza huku na huku akasema, "Huyu analia kama anayeuliza," tukacheka, lakini mkunga hakukosea, maana tangu ajue kusema alikuwa mtu wa maswali, na akishajibiwa haondoki, anasimama palepale anakutazama usoni.

Alipofikisha miaka sita kiwanda kilimhamishia mama yake mji mwingine, wazazi wakaona mtoto asihangaishwe, akabaki kwangu, wakati huo nikiwa dobi wa nyumba ya wageni iliyo mkabala na kituo cha mafuta, akawa anakaa juu ya kapu la mashuka akiningoja nimalize, na siku moja mgeni mmoja mtu mzima alikuwa anashuka ngazi, mtoto akamwamkia, "Shikamoo babu, umelala vizuri?" mgeni akasema, "Marahaba, nimelala kama kichanga," naye hapo hapo, "Mbona shuka lako halina hata kunjo?" yule mzee akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akaungama kwamba alikesha kitini ameshika shavu kwa maumivu ya jino, na meneja akaniita pembeni akaniambia, "Dobi, huyo mjukuu wako atanimalizia wageni."

Alianza darasa la kwanza Januari 1985 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1991, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1992 hadi 1995, na hapo sitaficha, hesabu zilimkataa, akakaa nyumbani miaka miwili ananisaidia kupiga pasi, amenuna, mashati ya watu yakiungua kola, mpaka aliporudia mtihani akafaulu, na Septemba 1998 akapokelewa chuo cha matabibu wa meno, nilipomuuliza kwa nini meno wakati wenzake wanakimbilia moyo na ubongo, akanijibu, "Bibi, moyo hauna mswaki."

Alihitimu tarehe 6 Julai 2001, mama yake akiwa bado hai na akamshonea gauni la mahafali kwa mkono wake, na tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo akaajiriwa katika kliniki ya meno ya hospitali yetu, ambayo wengi wenu mnaijua, ghorofa ya chini, mlango wa tatu baada ya chumba cha picha, kiti kimoja cha kupandisha kwa kukanyaga, taa ya shingo ndefu, sinki, na pazia la kijani linalokitenga kiti na ukumbi wenye lile benchi la mbao linalong'aa kwa kukaliwa, na kila asubuhi kabla ya kugusa mgonjwa alisimama mbele ya benchi na meno yake makubwa ya plastiki, akawafundisha kusugua, akawaeleza fizi na utando na jino linavyotoboka, kisha akaingia kazini, na ukiwa nje ungemsikia tu, "Fungua mama, fungua zaidi, mbona unanifungia duka?" na mtu aliyeingia anatetemeka akatoka anacheka na shavu lake la ganzi limekwenda upande.

Ndoa aliifunga Jumamosi tarehe 11 Desemba 2004 na fundi majokofu aliyekaa hapa mbele, ambaye alimpata kwa njia ya gego, maana alikwenda kuzibwa, akaanza kurudi hata siku ambazo jino halikumwita, na alipotamka nia yake alijibiwa, "Mgonjwa wangu simkubalii, maliza matibabu kwanza," akamaliza, akarudi na shati jipya akasema, "Daktari, leo sina jino linaloniuma, kilichobaki ni moyo," na kwa kuwa alikuwa ameshaambiwa kuwa moyo hauna mswaki, alijua ni kazi ya maisha, Mungu akawajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Februari 2006, ambaye sasa yuko chuo anasomea umeme, na wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2010, huyu hapa pembeni yangu aliyenishika mkono.

Mama yake mzazi alitutangulia Agosti 2009, baba yake mwaka uliofuata, na tangu hapo akawa ananiita Bibi mbele za watu na Mama tukiwa wawili.

Sasa kuna jambo la kazi yake ambalo wengi mmelisikia vipande vipande, na ningependa mlisikie zima, kwa sababu ndani yake ndipo nilipomjua mjukuu wangu kuliko siku nyingine yoyote. Mwezi Mei 2013 mganga mkuu wa wakati huo, yule mama mrefu mwenye miwani, alimwita akamwambia kwamba matibabu yanachelewa kuanza kwa sababu ya somo la benchi, hivyo kwanza wapimwe wagonjwa wanajua kiasi gani kuhusu afya ya kinywa, wakionekana wanajua vya kutosha basi somo limefanya kazi yake na litasitishwa, na yeye aliyewafundisha atapandishwa awe msimamizi wa kliniki zote za meno za wilaya, lakini wakionekana hawajui, somo litaendelea naye atabaki nalo, na cheo hicho mjukuu wangu alikitaka, msiambiwe na mtu kwamba hakukitaka, alikuwa amekanyaga kile kiti mpaka goti linamlia, alikitaka kwa moyo wake wote.

Akaanza kupima, kila mgonjwa kabla hajapanda kitini anakaa naye nyuma ya pazia anaulizwa kwa sauti, unapiga mswaki mara ngapi kwa siku, mswaki unaubadilisha lini, fizi ikitoa damu maana yake nini, jino la utoto likioza tuliache kwa kuwa litang'oka lenyewe au tulitibu, na majibu anayaandika, na katika wiki zile aliona jambo ambalo halikumshtua, kwamba wale wa kwanza asubuhi walikuwa wanajikwaa, anayefuata anajikwaa kidogo, na kadiri benchi lilivyosogea majibu yalitiririka kama maji ya bomba, yeye akajiambia wa kwanza bado wana usingizi.

Matokeo yakawa mazuri kupita kiasi, kikao kikafurahi, daktari mmoja akasema, "Hawa wagonjwa waje watufundishe sisi!" mganga mkuu akampa mkono mbele ya wote, akaambiwa ajiandae kuanza usimamizi tarehe 1 Agosti, nyumbani mume wake akanunua keki, mimi nikapigiwa simu na watoto wanapiga kelele nyuma, "Bibi, mama amekuwa bosi!"

Katikati ya Julai akapanda kitini mama mmoja muuza mitumba, ambaye kwenye kupimwa alikuwa amejibu kila kitu bila kukosa, na mjukuu wangu alipomgusa fizi damu ikamiminika, akaona ugaga umejipanga nyuma ya meno kama saruji, akamuuliza kwa upole, "Mama yangu, si uliniambia unasugua mpaka ndani, asubuhi na kabla ya kulala?" yule mama akatema mate kwenye sinki, akajifuta, akacheka, "Mwanangu, yale nilimsikia wa mbele yangu, pazia si ukuta," na alipoona mwenzake hacheki akamfafanulia kama unavyomfafanulia mtoto, kwamba benchi zima lilikuwa linasaidiana, fundi viatu ndiye alikuwa mwalimu wao, anasikiliza kisha ananong'ona, "Kwenye damu semeni fizi zinaumwa, msiseme joto, mwenzenu kasema joto akakosa," na alipoulizwa kwa nini walifanya hivyo yule mama akashangaa, "Sasa tungekuacha? Tulimwona yule mama wa miwani anapitapita anachungulia, tukajua mtoto wetu yuko kwenye mtihani, ukifeli wanakutoa wanatuletea yule kijana anayeng'oa kama anavuta kisiki, tukasema hapana, huyu tumpe alama."

Jumamosi ile alikuja kwangu, nilikuwa nakunja nguo, akachukua upande wa pili wa shuka kama zamani tukawa tunakunja pamoja, akaniambia, "Mama, nimepewa cheo na watu wanaonipenda, na si cha kweli," nikamuuliza, "Wao wamekosa?" akasema hapana, "Wewe umekosa?" akasema, "Sikujua," nikamwambia, "Si sasa umejua?" akasema, "Ndiyo shida yenyewe," kisha akaacha shuka likaning'inia, akanieleza kwamba akinyamaza anahamia ofisi yenye dirisha, somo linafutwa, na yule mama atarudi na damu yake mpaka meno yaanze kucheza, na akisema anawavua nguo watu waliotaka kumsitiri, na mimi sikumpa ushauri, nilimwambia tu ashike shuka vizuri linaburuta chini, maana nilimwona ameshaamua, alikuwa anatafuta pa kuwekea huzuni.

Mume wake alimwambia, "Si unyamaze tu mama watoto, jambo limeshapita?" akatembea uani, akarudi, akasema, "Basi sema, lakini usiwataje," na Jumatatu tarehe 22 Julai 2013 akasimama kwenye kikao, hakumtaja muuza mitumba wala fundi viatu, akasema, "Kosa ni langu mimi niliyeuliza kwa sauti nyuma ya kitambaa, sikupima wanachojua, nimepima wanachosikia," mganga mkuu akavua miwani akamuuliza, "Unajua maana yake kwako?" akasema, "Najua," mama yule akasema, "Basi tutapima tena," na cheo kikaenda kwa mwenzake wa kliniki ya pili, mwanamke mchapakazi ambaye yupo hapa leo na ambaye alimfaa mno wakati wa ugonjwa, na yapo maneno aliyotaniwa, watu wa maabara walimwita Mama Pazia mpaka mwisho wa mwaka, akicheka nao na akifika nyumbani analia, nayo niliambiwa niyaseme.

Alipopima tena alichukua chumba chenye mlango, mgonjwa mmoja mmoja, na badala ya kuuliza akampa kila mtu mswaki mpya na kumwambia, "Nionyeshe," na hapo ndipo akaona ambacho hakukiona miaka yote, watu wazima wenye vyeti vyao wanasugua meno ya kucheka, yale ya mbele yanayoonekana, ya kutafuna wanayaacha yajitegemee, wengine wanasugua kama wanaparura sufuria, mmoja alifunga macho, alama zikawa chini hata aibu kuzitaja, somo likabaki, tena likaongezewa muda, na yeye akabaki na kiti chake cha kukanyaga.

Lakini hakulirudisha somo lilivyokuwa, alisema fundi viatu kwa kunong'ona amefundisha watu wengi kuliko yeye na meno yake ya plastiki, kwa hiyo akaacha kusimama mbele, akawa anamwonyesha mgonjwa wa kwanza jambo moja kwa mkono, kisha anamwambia akifika nje amwonyeshe anayefuata, na huyo amwonyeshe mwingine, benchi likawa linafundishana waziwazi, kwa kelele, "Wewe, inamisha mswaki hivi, unasugua fizi siyo hewa!" na yeye ndani anaziba jino huku ametega sikio, akimsikia mtu anapotosha anapaza sauti kutoka nyuma ya pazia, "Nani huyo ananiharibia watu?" na waliporudi baada ya miezi wengi fizi zao zilikuwa zimetulia, wengi nasema, si wote, muuza mitumba yeye alipona, fundi viatu mwenyewe, mwalimu wa watu, alikuja kung'olewa mawili.

Kwa namna hiyo alifanya kazi mpaka mwili ulipomkatalia. Alianza kulalamika uchovu mwishoni mwa mwaka 2023, akapungua, macho yakawa ya manjano, na tarehe 17 Februari 2024 madaktari wakamweleza yeye na mume wake kwamba ni saratani ya ini, akatibiwa, akapata nafuu mwezi Aprili hata akaenda kazini siku chache akakaa kwenye benchi kama mgonjwa, kisha Agosti akalazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena.

Wakati wa ugonjwa nyumba haikukauka watu, na kila aliyeingia aliingia na neno tamu, wifi yake akisema, "Utapona tu, wala usiwaze," shemeji zake wakisema, "Rangi imerudi kabisa," jirani akisema mwakani watasafiri pamoja, naye akimwitikia kila mmoja, "Ahsante," kwa ile sauti ya adabu, na mimi nikawa namwona macho yake yanavyomsindikiza mtu mpaka mlangoni, mpaka siku moja mwezi Septemba, mchana, akawaomba wote wamletee maji ya moto, watu wanne wakaenda kuleta kikombe kimoja, akanigeukia akasema, "Mama, wote wananijibu ninavyotaka kusikia, wananipenda, najua, lakini niko peke yangu humu ndani, wewe unanionaje?"

Nikamshika mkono, ulikuwa mwepesi, nikamwambia, "Naona unaondoka, mjukuu wangu, na mimi sitaki," akashusha pumzi ndefu, mabega yakalala, akasema, "Ahsante, sasa tunaweza kuongea," na tukaongea, siku ile na siku zilizofuata, akaniambia yote ambayo mtu hawezi kumwambia anayemwambia utapona, kwamba mwanawe asiache chuo kwa ajili ya msiba hata wiki mbili, kwamba binti yake asifundishwe kuwa jasiri mapema, aachwe alie anapotaka, kwamba mume wake akipata mwenzi mwingine asionewe gere na ndugu wa upande wetu, na hili nalisema mbele yenu mlisikie, akamwita wifi yake ambaye walinuniana mwaka mzima kwa jambo ambalo wote wawili walishalisahau, wakacheka kwa kulisahau, wakashikana, akamwita na mume wake nikatoka nje, waliyoongea ni yao, lakini mume wake alipotoka alikuwa amenyooka mgongo kama mtu aliyetua mzigo njiani akaweza kuuona una ukubwa gani.

Na siku hizohizo akaniambia, "Historia yangu uiseme wewe, na usinipandishie alama," ndiyo maana mmesikia kwamba hesabu zilimkataa, na kwamba alikitaka cheo, na naongeza kwamba alikuwa na hasira za karibu, kupika hakujua na mume wake ni shahidi, alisahau siku za kuzaliwa za watu wote pamoja na yake, na wakati mwingine alimsikiliza mgonjwa kuliko alivyowasikiliza watoto wake, nayo hiyo aliwaomba msamaha kwa mdomo wake, wakamsamehe.

Alifariki dunia siku ya Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, katika wodi namba mbili ya hospitali yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mume wake amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, ameacha mume, watoto wawili, mjomba huyu anayesoma, na mimi, ambaye kwa utaratibu wa umri yeye ndiye alitakiwa kuandika yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili, na zaidi yule daktari kijana aliyekuwa anavuta kiti anakaa kabla ya kusema, asiyemwambia mgonjwa wetu habari akiwa amesimama mlangoni, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kliniki ya meno, na watu wa maabara pia, mliogawana zamu zake bila kuulizwa, tunawashukuru majirani kwa viti, kwa maji, kwa kuwalisha watoto na kuwafulia sare za shule, tunawashukuru wagonjwa wake mliofika, nawaona, mmejaza safu nzima kule nyuma, na ninyi mliokuwa mnamwambia atapona tunawashukuru vilevile, alijua ni upendo, aliniambia nisiwakasirikie na sikukasirika, ila kama kuna mgonjwa nyumbani kwako leo anayekutazama mpaka mlangoni, rudi ukae, umuulize anataka kuambiwa nini.

Mungu ametupa, Mungu amechukua, nasi tunamrudishia tukiwa tunalia, kwa kuwa tulipewa kitu kizuri.

Pumzika, mjukuu wangu, kwa amani ya mtu aliyeambiwa kweli.